Nimeaga gazeti, sijaaga kazi: majibu kwa wasomaji wangu

Safu yangu ya mwisho gazetini ilitoka Jumamosi mbili zilizopita, sasa nahamia mtandaoni, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Nilianza kuandika michezo mwaka 1993, mwaka ambao Simba ilitoka sare ya 0-0 na Stella ya Ivory Coast kule Abidjan, ikarudi Dar es Salaam kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la CAF ikafungwa 2-0, Uwanja wa Taifa ukawa kimya kama nyumba yenye msiba. Wapo mnaonisoma tangu wakati huo. Mna haki ya kuniuliza, nami nawajibu hapa maswali yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo mzee. Tuambie ukweli, umefukuzwa? (Temeke)

Marahaba. Sikufukuzwa. Barua niliiandika mwenyewe na nikaagwa vizuri.

Kilichonitoa ni saa. Nilipoanza kazi, mechi ya ligi ilipigwa saa 10 jioni. Saa 12 mpira umekwisha, naandika kwa mkono, mhariri wa michezo anapitia, ukurasa unafungwa, na gari la mikoani linaondoka na habari kamili: nani kafunga, nani kakosa, kocha kasemaje. Leo mechi kubwa nyingi zinachezwa usiku, chini ya taa, kwa sababu ya televisheni. Filimbi ya mwisho inapolia, kurasa za mikoani zimeshafungwa. Asubuhi msomaji wangu wa Songea anatoa pesa yake kununua gazeti lenye utabiri wa mechi ambayo jana yake ameitazama mpaka mwisho. Jambo hilo lilinikera kwa miaka, na nilijua halitabadilika. Pia nafasi ilipungua: safu yangu ilianza kwa ukurasa mzima, ikawa nusu, mwisho ikawa kipande kando ya tangazo. Huwezi kueleza kwa nini timu imekosa kiungo mkabaji kwa maneno 300.

Nimekuwa nikikata safu zako na kuziweka kwenye faili tangu 1998. Sasa nitakata nini? (Mwalimu mstaafu, Korogwe)

Mwalimu, swali lako limeninyima usingizi kuliko yote.

Kila mwaka watani wa jadi, Simba na Yanga, wakikaribia kukutana, vijana hubishana kuhusu zile 6-0 ambazo Simba iliifunga Yanga Julai 19, 1977. Mmoja anasema Kibadeni alifunga manne, mwingine anasema mawili. Mimi nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohammed, nikaomba magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, nikasoma mwenyewe: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan 'Masimenti' mawili, na moja Yanga walijifunga. Karatasi imekuwa ya njano na inakatika pembeni ukiishika vibaya, lakini ipo. Ushindi wa Yanga wa 2-1 pale Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974, na mabao ya Sembuli na Sunday Manara, nao unapatikana kwa njia hiyohiyo. Na sisi tunapobishana kuhusu 5-0 za Simba za Mei 2012 au 5-1 za Yanga za Novemba 2023, nusu ya ushahidi wetu iko kwenye simu.

Mtandaoni mambo ni tofauti. Tovuti inaishi kwa kulipiwa kila mwaka. Mwenyewe akichoka, akifilisika au akifariki, malipo yanasimama na kila kilichoandikwa humo kinapotea. Nimeshaona tovuti ya michezo niliyokuwa nikiitegemea ikizimika hivyo, pamoja na matokeo ya misimu kadhaa ya madaraja ya chini ambayo hakuna gazeti lililoyachapisha. Hayajapatikana tena.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kila safu nitaichapa kwenye karatasi, nitaandika tarehe, na kila mwisho wa mwaka nitapeleka jalada maktaba na kuwaomba walipokee. Nawe endelea na faili lako. Kama una mtu mwenye printa karibu, nitakutumia kila safu ikiwa imepangwa vizuri kwa ajili ya kukatwa.

Kaka, mitandao yote ni Simba na Yanga. Sisi wa huku utatukumbuka? (Tukuyu)

Ndugu yangu, mtu wa Tukuyu haombi kukumbukwa. Tukuyu Stars walipanda daraja na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Mseto ya Morogoro walikwishautwaa 1975, na Coastal Union ya Tanga wakafuata 1988. Kombe hili limewahi kulala mikoani.

Ila hofu yako ni ya kweli. Gazeti, pamoja na kasoro zake, lilikuwa na mwandishi Mbeya, Mwanza, Tanga na Songea, aliyelipwa kidogo lakini alikuwapo uwanjani. Vyombo vingi vya mtandaoni vimejazana Dar es Salaam, vinasubiri msemaji wa klabu azungumze ili vikate klipu. Nimeamua safari moja kila mwezi nje ya Dar, nikianzia uwanja wa Mkwakwani, Tanga. Mnijulishe mnapocheza nyumbani.

Huku habari ya usajili inatoka kabla mchezaji hajapanda ndege. Utawezana na vijana? (Kinondoni)

Sitashindana nao kwa hilo. Miaka ya nyuma niliandika kwamba mshambuliaji fulani amesaini klabu fulani, kwa kuamini neno la mtu mmoja. Hakuwa amesaini. Klabu yake ilikuwa imeshasoma, ikamweka benchi, na masahihisho yetu yalitoka siku tatu baadaye kwenye kona ya ukurasa wa ndani. Yule kijana alipoteza nusu msimu kwa sababu yangu. Tangu hapo sichapishi usajili bila watu wawili wasiotegemeana, na mmoja wao awe ameuona mkataba. Mtandaoni sheria hiyo haibadiliki. Ukitaka tetesi za saa hii, utazipata kwingine.

Nina miaka 22, nataka kufungua chaneli yangu ya michezo. Nianzie wapi? (Dodoma)

Anzia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mdogo wangu. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, kutoa habari mtandaoni kunahitaji leseni. Mwanzoni ada zote pamoja zilizidi Sh2 milioni. Baadaye zilipunguzwa, uliza kiwango cha sasa kabla ya kununua kamera. Isome pia Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na marekebisho yake.

Kisha nenda kwenye mechi ambayo hakuna kamera. Ligi ya wanawake, daraja la kwanza la mkoa, mashindano ya shule. Andika majina ya wachezaji wote 22 kwa usahihi. Ukiweza hilo kwa msimu mzima, nitafute.

Nani atakulipa? Isije ikawa kampuni za kubeti. (Ilala)

Nitaishi kwa michango ya wasomaji na matangazo ya kawaida. Najua pesa ya kubeti imo ndani ya mpira wetu. SportPesa ilidhamini Simba na Yanga kwa pamoja mwaka 2017, na klabu zililipa mishahara kwa pesa hiyo. Siwalaumu. Lakini mimi nikiandika kwamba beki ana jeraha, na pembeni pana kitufe cha kuweka dau, maneno yangu yameshageuka chambo. Sitakubali. Na bahasha baada ya mkutano na wanahabari sikupokea nikiwa gazetini, sitapokea sasa.

Baba ana miaka 78, anatumia kitochi. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda kibandani kununua gazeti kwa ajili yako. Sasa afanyeje? (Muheza)

Binti yangu, hapa sina jibu zuri. Gazeti moja kijiweni husomwa na watu 10, na katika hao wengi hawana simu janja wala bando. Hao ndio ninaowaacha, na najua.

Ninalojaribu ni kuisoma kila safu kwa sauti na kuirekodi. Nimeanza kuzungumza na redio za jamii, Tanga ikiwemo, wairushe bila malipo. Mpaka hilo likamilike, safu itakuwa inatoka Jumamosi saa 3 asubuhi, saa ileile aliyokuwa anakwenda kibandani. Mfikishie shikamoo yangu, kisha msomee.