Picha za shosho: usianze na "huyu ni nani?"

Shosho, nyanya yangu, alituacha 2019, na kwa kabati yake tukapata kopo la biskuti, lile la bati, limejaa picha. Zaidi ya mia mbili. Nyuma hakuna jina hata moja, na ukifikiria vizuri angeandika ya nini, yeye alikuwa anawajua wote. Nimekaa na hilo kopo miaka kadhaa sasa na nimekosea sana, kwa hivyo wacha nianze na soo langu mwenyewe.

Kuna jamaa mmoja mrefu, amevaa kofia ya reli, anatokea kwa picha nne. Kwa moja amembeba mamangu akiwa mtoto mchanga, na nyuma yao kuna cherehani mlangoni. Nikaiweka kwa grupu ya WhatsApp ya familia, nikaandika "huyu ni nani?" Dakika mbili hazijaisha ankol mmoja akajibu, huyo ni ndugu ya guka (babu yetu), yule alikufa mapema. Basi wengine wakadakia, eeh ndiye, ona hata hiyo pua, na watu kumi na moja wakakubali na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo ndugu ya guka kwa macho yake. Mimi nikachukua biro nikaandika jina nyuma. Mwaka uliofuata tulikuwa na mazishi kwetu na ile picha ikaingia kwa programu, kopi mia tatu, imeandikwa "guka wetu mdogo". Kumbe si wetu. Alikuwa jirani, Mjaluo, wa zile nyumba za reli pale Makongeni.

Vile nilikuja kujua ni kwa rafiki ya shosho, mama mzee sana ambaye walikaa laini moja. Siku hiyo hata sikuwa nauliza mambo ya watu, nilimuuliza tu hii cherehani ilikuwa ya nani, akacheka. Akasema hiyo ndiyo ile ililala kwa jirani. Tarehe 24 Aprili 1954, ile operesheni ya Anvil ya Waingereza ya kusaka Mau Mau, wanajeshi na polisi walizunguka Nairobi wakawa wanatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru nyumba kwa nyumba. Guka akapelekwa Lang'ata kuchujwa halafu kambi ya kizuizini ya Manyani, na shosho akapakiwa kwa lori na watoto kurudishwa rizavu, yale maeneo waliyotengewa Wakikuyu, ameshika tu nguo kidogo. Jioni hiyohiyo jirani akaihamisha cherehani kwake, akaifunika blanketi. Shosho aliporudi mjini miaka baadaye akaipata imepakwa mafuta, inashona. Mamangu alizaliwa baada ya hapo, na ndio maana jirani ndiye amembeba kwa hiyo picha. Jina lake nitaliacha kwa sababu watu wake wako, lakini huyo mama mzee alinitajia hilo jina bila mimi kuuliza. Na fikiria ningemwonyesha tu uso nimuulize ni nani, na macho yake yale, angesema hajui na tungeishia hapo.

Sasa ushauri wangu mkubwa ni huo. Muulize mzee kitu, usimuulize uso. Hii nyumba ni ya wapi, hiki kiti nani alinunua, hapa mlikuwa mnaenda wapi mkiwa mmevaa hivi. Jina linakuja lenyewe likiwa limebeba story. Na umwone mzee mmoja mmoja, tafadhali, usiweke shangazi watatu kwa meza moja, kwa sababu mwenye sauti kubwa ndiye atakayebatiza kila mtu kwa picha na wale wengine watanyamaza ili chai isiharibike.

Jina peke yake pia lisikudanganye. Sisi Wakikuyu kijana wa kwanza anaitwa baba ya baba yake, wa pili baba ya mama, na wasichana hivyohivyo kwa upande wa nyanya, kwa hivyo ukiambiwa "huyo ni Wanjiku" bado hujaambiwa kitu, kwetu wako watano. Uliza Wanjiku wa nani, aliolewa wapi, alizaliwa wa ngapi. Lakini mpangilio huohuo unasaidia pia, maana ukijua kijana wa kwanza anaitwaje umeshajua jina la guka yake.

Halafu tarehe. Binamu yangu aliapa picha moja ya Uhuru Park ni ya 1963, siku ya uhuru kabisa, eti baba yake alimwambia. Nikazoom na simu, nyuma ya watu kuna KICC, lile jumba refu la mikutano, imesimama imekamilika, na hiyo jengo iliisha 1973. Uhuru Park yenyewe ilifunguliwa 1969! Angalia nyuma ya watu kabla ya kuangalia watu. Matatu ikiwa na ule mstari wa njano basi ni 2004 kuja huku, zile sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Bango likisema Government Road ujue bado haijaitwa Moi Avenue. Bugaluu (suruali pana chini) na afro ni miaka ya 70 lakini hapo chunga, kuna watu walivaa bugaluu mpaka ikaisha yenyewe. Geuza picha pia, studio nyingi zilikuwa zinapiga mhuri na sanduku la posta. Mhuri wa Nakuru ndio ulinikumbusha kuna shangazi alifanya kazi huko, na picha sita zikafunguka siku moja.

Mambo ya simu kutambua sura nimejaribu. Yangu inaamini mamangu na shosho ni mtu mmoja. Afadhali masikio, umbo la sikio halibadiliki sana hata mtu akiota ndevu na kunenepa.

Programu za mazishi msitupe. Mle ndani kuna ndugu wote kwa mpangilio, nani alioa nani, na picha juu. Mimi nimeomba za familia nzima, niko na boksi la viatu limejaa (ile yetu yenye guka bandia nimeiweka pia, lakini nimeirekebisha).

Kuandika ni penseli laini, pembeni nyuma, usikandamize. Biro yangu imetokea mpaka upande wa mbele, kwa shati la jirani wa watu. Na usiandike jina tu, andika nani amesema na lini. Kama picha imekwama kwa zile albamu za gundi na plastiki usivute, pitisha uzi wa kusafisha meno chini yake polepole, na ikikataa ipige tu na simu hapo ilipo, karibu na dirisha, bila flashi.

Picha za jirani nilizipelekea wajukuu wake mwezi wa nne, originali, nikabaki na kopi. Hawakuwa na picha yake hata moja ya ujana.

Sasa nimebaki na mwanamke wa koti jeupe, picha tatu, hakuna anayemjua. Jumapili naenda Limuru kwa dada mdogo wa shosho na kilo mbili za sukari, na nitaanza kumuuliza kuhusu hiyo koti.