Kioo cha Murano na kodi ya kurudishiwa

SWALI: Mwezi ujao naenda Venice kutoka Dar. Nataka vyombo vya kioo vya Murano, kisiwa cha huko Venice. Nitajuaje si feki? Na kodi narudishiwaje?

JIBU: Tafuta stika yenye maneno "Vetro Artistico Murano", nembo inayolindwa na mkoa wa Veneto. Mafundi wengine halisi hawaitumii, hivyo dai cheti na risiti yenye jina la karakana. Geuza chombo: glasi iliyopulizwa kwa mdomo mara nyingi ina kovu chini, palipokatwa fimbo ya chuma, ingawa wengine hulisugua likaisha. Shanga za bei ya kutupa, mara nyingi si za huko. Mikoba ya "majina makubwa" inayotandazwa barabarani iache. Italia humtoza faini hata mnunuzi.

Kodi (VAT) ni 22%, ila ukitoa ada za wakala anayeshughulikia marejesho utapata pungufu. Nunua zaidi ya euro 70 duka moja, onyesha pasipoti, na omba fomu ya kurudishiwa kodi kabla hujalipa. Wengi hukosea uwanja wa ndege: wanakabidhi sanduku kabla forodha hawajathibitisha fomu, nao wakitaka kuona mzigo haupo. Ukiunganisha ndege Amsterdam na kioo kiko kwenye mzigo wa mkononi, fomu inathibitishwa huko.