Mpe rapa mmoja mwezi mzima

Ukitaka kuwapenda marapa wasiopewa heshima yao na hujui uanzie wapi, mimi nilijifunza kwa kitufe kibovu. Nikiwa na miaka 19, kitufe cha kurukia wimbo kwenye kicheza muziki changu kiliharibika, na hela ya kununua kingine sikuwa nayo. Ndani mlikuwa na albamu chache tu. Mojawapo ni Disposable Arts ya rapa wa Marekani, Masta Ace, iliyotoka mwaka 2001, ambayo rafiki yangu alinipa kwa msisitizo mkubwa, nami nikasikiliza nyimbo mbili tatu nikaiacha. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya usiku, ya kukaa peke yangu saa nyingi. Ikawa ukiiwasha, unaisikiliza mpaka iishe.

Usiku ule ndipo nilipogundua kwamba albamu nzima ni hadithi moja. Mtu anatoka jela, anarudi mtaani kwao Brooklyn, New York, anaona mtaa haukaliki tena, anaamua kwenda kujiandikisha chuoni. Vile vipande vya mazungumzo kati ya nyimbo, ambavyo siku zote nilikuwa naviruka, ndivyo vinavyoishona hadithi. Kumbe mwanzo nilikuwa nimesoma kurasa za katikati halafu nikasema kitabu hakieleweki.

Nilikaa na albamu hiyo karibu mwezi. Wiki ya kwanza nilisikia sauti na mdundo, basi. Wiki ya pili nikaanza kusikia vina vilivyofichwa katikati ya mstari, sio vile vya mwishoni tu. Baada ya hapo nikawa najua hata anapovuta pumzi. Nikaanza kumtafuta ni nani huyu, nikakuta ndiye anayefungua The Symphony ya mwaka 1988, wimbo wa Marley Marl na kundi la Juice Crew, ambamo baada yake wanafuata Craig G, Kool G Rap na Big Daddy Kane. Miaka 13 kabla ya albamu niliyokuwa naisikiliza! Na miaka mingi baadaye alieleza hadharani kwamba mwaka 2000 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa multiple sclerosis, unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo. Nikairudia albamu tena nikijua hilo, na kuna mistari ambayo mpaka leo inanikaba koo.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia kuwapenda marapa wasiopewa heshima yao, jibu langu ni hilo la kitufe kibovu. Chagua mmoja. Chagua albamu yake moja. Isikilize kwa mpangilio aliouweka yeye, bila kuruka, mwezi mzima. Orodha za marapa 50 bora zitakupa majina 50 na masikio yaleyale uliyokuwa nayo jana.

Soma na mashairi yake, hasa kama Kiingereza hukukinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mimi sikukinyonya. Rapa Pharoahe Monch nilimsikiliza muda mrefu nikidhani katika Stray Bullet, wimbo aliofanya na mwenzake Prince Po katika kundi la Organized Konfusion mwaka 1994, wanajigamba tu kama kawaida ya michano. Nilipoweka maneno mbele ya macho ndipo nikashtuka: anayezungumza ni risasi yenyewe. Inatoka kwenye bunduki, inapita, inaingia mwilini mwa mtu, na inasimulia yote hayo kwa nafsi ya kwanza. Nililazimika kukaa kimya kidogo. Big L wa Harlem, New York naye, katika wimbo wake Ebonics, amefanya kazi ya kamusi: anataja neno la mtaani, anatoa maana yake, anaendelea, na vina havikatiki. Ukiusoma huku unasikiliza, umejifunza lugha kutoka kwa mwalimu ambaye aliuawa Februari 1999 akiwa na miaka 24 na albamu moja tu mkononi.

Jambo la pili ni kufuata majina. Rapa mgeni katika wimbo ni mlango. Illmatic, albamu ya Nas ya mwaka 1994, inajulikana na kila mpenda hip-hop, lakini ina rapa mgeni mmoja tu, AZ, na watu wengi wanaupita ubeti wake kama wapita njia. Msimamishe. Nenda kwenye albamu yake Doe or Die ya 1995, usikie jinsi anavyopanga silabi kwa utulivu, kama mtu asiye na haraka ya kumshinda yeyote. Fanya hivyohivyo kwa maprodyuza: ukipenda mdundo, tazama nani kautengeneza, halafu tafuta nani mwingine kapewa midundo yake.

Halafu jiulize kwa nini rapa uliyemchagua hakuvuma. Hapa ndipo niliponyooka mimi mwenyewe, kwa sababu zamani nilikuwa na jibu moja tu: watu hawajui muziki. Sababu ni nyingi na nyingine hazihusiani kabisa na msikilizaji. Wimbo mkubwa kuliko yote wa Pharoahe Monch, Simon Says wa mwaka 1999, umejengwa juu ya kipande cha muziki wa filamu za Godzilla ambacho hakikuombewa ruhusa. Mambo ya kisheria yakafuata, na albamu iliyoubeba ikapotea sokoni kwa miaka mingi. Utampendaje mtu ambaye kazi yake haiuzwi?

Jean Grae, aliyezaliwa Cape Town kwa wazazi wanamuziki wa jazi, Abdullah Ibrahim na Sathima Bea Benjamin, na kukulia New York, anachana kuliko wanaume wengi wanaotajwa kabla yake. Lakini yeye, kama Bahamadia wa Philadelphia na Rapsody wa North Carolina, huwekewa neno "wa kike" mbele ya kila sifa. Neno hilo linamtoa mtu kwenye mashindano huku likionekana kumpongeza. Nakushauri uliache. Sikiliza albamu Kollage ya Bahamadia, ya mwaka 1996, halafu niambie sauti ile ya chini, isiyopanda wala kushuka, ungemlinganisha na nani.

Na kuna rapa aliyeitwa Ka. Huyu naumia nikimtaja. Alikuwa mzimamoto wa jiji la New York, alifika cheo cha kapteni, na muziki aliufanya pembeni ya kazi hiyo, akitengeneza midundo mingi mwenyewe, midundo ambayo mara nyingi karibu haina ngoma. Anaongea kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha watoto. Diski zake alikuwa anasimama njiani na kuziuza mwenyewe, mkono kwa mkono. Mimi nilizisikiliza bure kwa miaka, kila mara nikisema mwezi ujao nitanunua moja. Oktoba 2024 akafariki, akiwa na miaka 52. Siku hizi nikimpenda rapa mdogo, nanunua kitu wiki hiyohiyo, hata kama ni wimbo mmoja, na nikipata pa kumwandikia namwandikia mistari miwili kumwambia ni ubeti gani umenigusa.

Neno lingine ni juu ya ubishi. Nimebishana sana kuhusu nani yumo kwenye tano bora na nani hayumo. Kosa langu kubwa lilikuwa kumsifia niliyempenda kwa kumtukana anayependwa na mwenzangu. Kuna rafiki ambaye kwa karibu miaka miwili alikataa kabisa kumsikiliza Jean Grae, kwa sababu tu siku niliyomtaja nilianza kwa kumponda rapa ambaye yeye amekua akimsikiliza tangu utotoni. Nilimfungia mlango mimi. Isitoshe, umaarufu sio kosa, na kutojulikana sio sifa. Wapo wasiojulikana ambao mistari yao kweli haijaiva.

Rafiki huyo huyo nilimrudia kwa njia nyingine. Nilimpa hedifoni, nikamwekea Guessing Game, wimbo wa Elzhi wa Detroit wa mwaka 2008. Humo Elzhi anaujenga mstari mpaka neno la mwisho liwe tayari kichwani mwako, kisha mstari unaofuata unaanza kwa neno linalogeuza kabisa ulichokuwa umekisia. Sikumwambia lolote, wala jina. Alisikiliza sekunde kama 30, akatabasamu, akaurudisha mwanzo. Akaurudisha tena. Mara ya nne akatoa hedifoni sikio moja na kuniuliza kama huyu mtu ana albamu.