Kashe ya kweri iliniumbua msimu wa parachichi

Karani wa mizani kule Rungwe alinipigia asubuhi, ukungu wa Tukuyu haujapanda bado. "Fundi, mfumo wako umelala. Wakulima wamejaa hapa." Mimi nipo Mbeya mjini, chai mkononi, na dawa ninayo kichwani: kashe, yaani kutunza majibu karibu ili yasitafutwe upya. Mfumo huo wa kupima parachichi na kutoa risiti za wakulima niliuandika kwa Java na Hibernate 5 (maktaba inayoisaidia programu kuongea na kanzidata, yaani ghala la data), kanzidata ni PostgreSQL. Nikawasha kashe ya kweri (kweri ni swali ambalo programu inaiuliza kanzidata) kwenye kila orodha, nikapandisha kwenye seva, nikarudi kwenye chai yangu.

Mchana mfumo ukawa mzito kuliko asubuhi.

Kufungua logi, yaani rekodi za matukio ya mfumo, nakuta ukurasa wa wakulima 200 unapiga kweri 200. Hapa wengi tunajikwaa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Katika Hibernate 5, kashe ya kweri haitunzi wakulima wenyewe, inatunza namba zao za utambulisho tu. Orodha ikisomwa kutoka kwenye kashe, Hibernate inabaki na namba 200 mkononi na kuanza kumtafuta mwenye kila namba. Kama darasa la Mkulima (sehemu ya programu inayomwakilisha mkulima) nalo hujaliweka kwenye kashe ya ngazi ya pili, ile inayotunza taarifa zenyewe, kila namba inakwenda kugonga kanzidata peke yake. Umeokoa safari moja, umelipia mia mbili. (Matoleo ya 6 yamebadilisha utunzaji huu, soma maelezo ya toleo lako.)

Jumla ya kilo za siku nayo haikupona. Hibernate hukumbuka kila jedwali liliandikwa lini mara ya mwisho. Ukiongezwa mstari mmoja tu, majibu yote yaliyotoka kwenye jedwali hilo hayaaminiki tena. Na kreti zinapimwa kila dakika! Kashe ikawa inajazwa na kumwagwa, kama kuteka maji kwa tenga.

Ila aibu yenyewe ilikuwa kwenye bei. Jioni nilibadilisha bei ya Hass, aina ya parachichi, kwa SQL (lugha ya kanzidata) moja kwa moja, nje ya programu. Hibernate haikujua lolote. Kesho yake risiti zikatoka na bei ya zamani iliyobaki kwenye kashe mpaka nilipoiwasha seva upya, tukaanza kuwafuata wakulima mmoja mmoja kurekebisha malipo. Mzee mmoja akaniuliza, "Kumbe kompyuta nayo inapunja?"

Siku hizi vijiji, madaraja ya matunda na wakulima naviweka kwenye kashe, kweri pamoja na darasa lake. Vipimo vya mizani siviwekei kashe kabisa. Bei inabadilishwa kupitia ukurasa wa msimamizi, hata nikiwa mimi. Na kabla ya yote, piga EXPLAIN ANALYZE, amri ya PostgreSQL inayoonyesha kweri inavyotekelezwa na muda inaotumia, kwenye kweri inayosumbua. Mimi niliipiga nikiwa nimeshaumbuka: jedwali la vipimo halikuwa na faharasa (orodha ya kutafutia haraka, kama ya mwisho wa kitabu) kwenye tarehe, kanzidata ilikuwa inapekua kreti za msimu mzima kutafuta za leo. Niliunda faharasa kwa amri moja. Karani hakunipigia tena, isipokuwa siku karatasi za risiti zilipomwishia.