Wurlitzer fupi ya miaka ya 1950: itengenezwe au iachwe?

Swali: Fundi, kanisa letu hapa Columbus, Ohio, limepewa bure piano fupi ya Wurlitzer, ya miaka ya 1950. Vibao vitatu ukivibonyeza vinalegea tu, havitoi sauti. Kampuni hiyo ipo bado? Tuitengeneze?

Jibu: Dada yangu, nianze na vibao, maana ndivyo vinavyowasumbua. Kwenye piano fupi namna hii, mitambo ya nyundo imekaa chini ya usawa wa vibao. Ukibonyeza mbele, nyuma ya kibao hupanda na kuvuta waya, nao waya huinua mtambo unaorusha nyundo. Waya na mtambo huunganishwa na kiwiko kidogo. Piano nyingi za wakati ule ziliwekewa viwiko vya plastiki ambayo kwa miaka hukauka na kumeguka. Fungua ubao wa mbele chini, mulika tochi. Ukikuta vipande vya plastiki sakafuni, umeshapata jibu. Usikubali kubadilishiwa viwiko vitatu tu. Vyote 88 vina umri mmoja, na kutoa mitambo ya piano fupi ni kazi ndefu kwa sababu kila waya lazima uachanishwe na kibao chake. Viwiko vipya bado vinauzwa.

Kampuni yenyewe haiundi tena piano. Rudolph Wurlitzer, mhamiaji kutoka Saxony, Ujerumani, aliianzisha Cincinnati, hukohuko Ohio, mwaka 1853, akiuza ala zilizoagizwa kwao. Baadaye ikawa maarufu kwa vinanda vikubwa vya majumba ya sinema na mashine za kupigia santuri kwa sarafu. Mwaka 1919 ilinunua kiwanda cha Melville Clark huko DeKalb, Illinois, kilichokuja kuwa makao ya piano zake. Mwaka 1988 biashara ya piano ilinunuliwa na Baldwin, na mwaka 2001 Baldwin ikaangukia mikononi mwa Gibson, watengeneza magitaa.

Kwa hiyo jina halitawasaidia kupata dhamana wala bei nzuri mkiiuza. Kinachobeba thamani ni pini zinazokaza nyuzi. Kabla ya kulipia viwiko, mwiteni fundi azipime kwa ufunguo wake wa kutyunia. Zikiwa bado zinabana, tengenezeni: kwa mazoezi ya kwaya inatosha kabisa. Zikiwa zimelegea karibu zote, itatoka kwenye sauti muda mfupi baada ya kutyuniwa. Hapo ningewashauri muikatae, hata kama ni ya bure.