Maswali ya Wasomaji: Flati Mpya Imeingia Nyumbani

*Ndugu wahariri, tumenunua flati, yaani TV bapa, ya inchi 43. Huku Bwaise, Kampala, umeme unakatika na kurudi ovyo. Ya jirani iliungua umeme uliporudi, na ilikuwa kwenye ekstensheni yenye taa nyekundu. Isitoshe, waya wa TV yetu una pini mbili za mviringo, tukaonyeshwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ndipo ziingie. Tufanyeje?* — Mama wa nyumbani, Bwaise

Mama, ile taa nyekundu inaonyesha tu kwamba umeme umefika. Haizuii chochote. Nyumba zetu zinatakiwa kupata volti 240, lakini umeme ukirudi, friji na pampu za mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja. Volti hushuka, kisha huruka. Baya zaidi ni waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, kulegea nguzoni. Hapo nyumba moja inaweza kusukumiwa volti zinazokaribia 415, zile za kati ya fezi na fezi, yaani kati ya nyaya mbili zenye umeme. Mtazame balbu: zikianza kung'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia, zimeni swichi kuu papo hapo.

Nunueni gadi ya TV, ile inayokaa kati ya soketi na TV. Hukata umeme volti zikipanda au zikishuka mno, na umeme ukirudi husubiri kwanza utulie kabla ya kuupitisha. Subira hiyo ndiyo inayookoa TV. King'amuzi nacho kipitie kwenye gadi hiyohiyo, maana vyombo hivi viwili vimeunganishwa kwa waya wa HDMI, ule unaopitisha picha na sauti, na kimoja kikipigwa, pigo linaweza kuvuka hadi kwa mwenzake.

Radi gadi haiiwezi, na ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi. Wingu likianza kutanda, chomoeni plagi, kisha chomoeni na waya wa dishi au antena. Wengi huchomoa plagi wakaacha dishi, na radi hupita hapohapo. Ngurumo zikishafika juu ya paa, msiziguse tena nyaya hizo.

Kijiti, mama, kiacheni leo. Tundu la juu ni la ethi (waya wa ardhini), na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Mkivifungua kwa kijiti, pini za mviringo hazibanwi sawasawa: zinacheza, zinatoa cheche, soketi inapata joto hadi inakuwa nyeusi. Na watoto wanajifunza mchezo huo kwa kutazama. Fundi akate kichwa hicho afunge plagi ya pini tatu: waya wa kahawia upande wa fyuzi, wa buluu upande wa pili, pini ya ethi ibaki tupu kwa kuwa waya huo ni wa nyuzi mbili. Fyuzi iwe ya ampia 3 au 5. Ile ya 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa TV.

*TV yetu ya kichogo ilikuwa na picha safi. Flati mpya inaonyesha watu wanene na nyuso zenye ukungu. Tumeuziwa feki?* — Msomaji wa Jinja

Huenda si feki. Angalieni nyuma ya king'amuzi. Kama kimeungwa kwa nyaya tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe, picha inayofika ina mistari 576 tu, na TV inalazimika kuitandaza kwenye kioo chenye mistari 1080 au zaidi. Kioo kidogo cha zamani kilificha kasoro hizo. Kama king'amuzi kina tundu la HDMI, tumieni waya huo, kisha kwenye menyu ya king'amuzi chagueni 1080i na umbo pana la 16:9. Wanene hao ni picha ya 4:3, lile umbo la TV za zamani, iliyovutwa pande zote mbili.

Kisha tazameni menyu ya TV. Ikiwa imebaki kwenye hali ya dukani, rangi huwaka kupita kiasi. Ihamishieni hali ya nyumbani. Palipoandikwa Sharpness (ukali wa picha), shusheni sana: kuongeza hapo hakuleti usafi, kunachora tu mistari myeupe kandokando ya vitu. Kwa inchi 43, kaeni mita 2 hadi 2.5 kutoka kwenye kioo.

*Nisafishe kioo kwa sabuni gani?* — Mbale

Usitumie sabuni, spiriti wala dawa ya vioo vya dirisha. Huharibu utando wa juu. Zima TV, ngoja ipoe, pangusa kwa kitambaa laini kikavu. Alama za vidole zikigoma, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi. Usinyunyizie maji kwenye kioo: yakitiririka hadi ukingo wa chini, yanaingia kwenye saketi.

*Sauti ipo, picha hakuna, kioo ni cheusi. TV ina mwaka mmoja na nusu.* — Busia

Zima taa za chumba, washa tochi, imulike karibu sana na kioo. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za LED zilizo nyuma yake. Katika TV nyingi zimeungwa kwa mfuatano, hivyo moja ikiungua zote zinaweza kuzimika. Mwambie fundi abadilishe seti nzima ya vipande vya taa hizo, maana zilizobaki zimechoka vilevile. Akitoa kioo, kibebwe na watu wawili, kwani hakivumilii kupindwa.

Kinachoziua ni joto. Ule ushanga na vitambaa vya kufuma tunavyoitandikia TV kwa heshima huziba matundu ya hewa ya mgongoni. Viondoe, acha nafasi ya sentimita 10 nyuma, na mwanga wa Backlight (taa hizo za nyuma) ushushe hadi 50 au 60.

*Kaka ameniletea TV kutoka Marekani. Haipati stesheni hata moja, hata UBC, televisheni ya taifa.* — Arua

Usiichomeke tena kabla ya kusoma kibandiko cha mgongoni. Kikisema 100–240V, ni salama. Kikisema 120V peke yake, umeme wetu utaiunguza. Itahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye wati zinazozidi zile za TV. Stesheni haziingii kwa sababu Uganda inarusha kwa mfumo wa DVB-T2, na TV za Marekani zimetengenezwa kwa mfumo mwingine, ATSC. Kutafuta upya hakutasaidia. Nunua king'amuzi cha T2, kiunge kwa HDMI, na antena ya UHF iwe nje, juu ya usawa wa mabati, ikielekezwa upande wa mnara.