Manowari ya noti 33 ndani ya tani 45,000? Anza na injini, mizinga itafuata

Mkuu, mchoro wako nimeupitia mara mbili. Umejiweka kwenye kiti cha mkuu wa usanifu wa Jeshi la Majini la Uingereza, mwaka ni 1942, na unataka manowari ya mizinga 12 ya inchi 16, mkanda wa deraya (bamba nene za chuma za kukinga ubavu) wa milimita 400 na kasi ya noti 33 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), vyote ndani ya tani 45,000. Halafu unauliza kwa nini Waingereza "walilala" wasiijenge.

Hawakulala. Wewe umeagiza pilau, biriani na wali wa nazi, ukaleta kisahani cha kikombe cha kupakulia.

Wamarekani waliwahi kuchora kitu cha namna hiyo, kikaitwa Montana: mizinga 12 ya inchi 16, mkanda wa milimita 409. Kwenye karatasi tu ilishapita tani 60,000, kasi imeshuka hadi noti 28, na upana wake haupiti kwenye malango ya Mfereji wa Panama ya wakati ule. Mwaka 1943 wakaifuta kabla hata mkuku (uti wa chini wa meli) mmoja haujalazwa.

Mimi si mwanahistoria. Nimekula chumvi nyingi chumba cha injini kwenye meli za mafuta, nikastaafu nikiwa mhandisi wa pili, na kuchora manowari ni ulevi wangu wa jioni. Lakini somo la kasi sikulipata kwenye vitabu. Mafuta yalipanda bei, mwenye meli akaagiza tushuke kutoka noti 15 hadi 12. Matumizi ya siku yakaporomoka karibu nusu. Nilidhani kipimo kimeharibika, nikaenda kupima tangi kwa mkono wangu. Kipimo kilikuwa kizima. Nguvu inayotakiwa hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu: gawa 12 kwa 15, upate 0.8; kisha 0.8 × 0.8 × 0.8, utapata 0.51. Sasa igeuze uende juu badala ya kushuka, uone noti tatu za mwisho zinavyokula meli.

Mfano mzuri kuliko wote ni aina mbili za manowari za Marekani, South Dakota na Iowa, kwa sababu zimetoka kwa wasanifu walewale, zikapishana miaka michache tu. South Dakota: tani 35,000, mizinga 9 ya inchi 16, noti 27, nguvu za farasi 130,000. Iowa: tani 45,000, mizinga 9 ya inchi 16, noti 33, nguvu za farasi 212,000. Mkanda wa deraya ni karibu uleule. Mizinga ya Iowa ni mirefu zaidi, sawa, inatupa mbali zaidi. Lakini sehemu kubwa ya zile tani 10,000 za ziada ilikwenda kununua noti sita.

Na angalia jambo ambalo wengi hulipita. Kwa hesabu ileile ya kuzidisha kasi kwa yenyewe mara tatu, kutoka 27 hadi 33 kungehitaji takriban nguvu za farasi 237,000, tena kwa meli isiyoongezeka uzito. Iowa ilifika kwa 212,000 huku ikiwa nzito zaidi. Imewezaje? Urefu. South Dakota ina mita 207, Iowa mita 270. Mvuvi yeyote wa ngalawa anakuelewa hapo: chombo kirefu chembamba hukata maji, chombo kifupi kipana kinahangaika kulipanda wimbi kililojitengenezea chenyewe. Mchoro wako una mita 230. Kwa mwili huo unaweza kujaza bwela (mitambo ya kuchemsha maji yawe mvuke) hadi kwenye chumba cha nahodha na noti 33 usizione.

Sasa swali ambalo ungeanza nalo: hiyo kasi unaitaka ya nini? Babu yangu alikuwa kuli bandarini Mombasa, na alizoea kusimulia manowari zilivyojaa Kilindini mwaka 1942. Ndiyo hiyo habari. Baada ya Wajapani kuipiga Ceylon (leo Sri Lanka) mwezi Aprili, Admirali Somerville, kamanda wa meli za Uingereza Bahari ya Hindi, alihamishia Kilindini sehemu kubwa ya meli zake, zikiwemo manowari kongwe za aina ya Resolution na Ramillies. Kasi yake noti 21, siku zikiamka vizuri. Wajapani walikuja na manowari za aina iliyoitwa Kongo, nazo kongwe vilevile, ila walishazikarabati zikafika noti 30, zikaweza kuandamana na meli za kubeba ndege. Umri ule ule, kazi tofauti kabisa. Kasi ya manowari, kwa hiyo, unaipima kwa meli ya ndege itakayotembea nayo. Kwa meli za ndege za Waingereza, Illustrious ilikwenda noti 30 na ushee, Implacable 32. Mwaka 1945 manowari ya Uingereza King George V yenye noti 28 ilikuwa Pasifiki pamoja nazo na ikavumiliwa. Mimi ningeweka 31 na kusimama hapo.

Mchoro wangu, basi: tani 48,000, urefu mita 260, upana mita 33, nguvu za farasi 160,000, mizinga 9 ya inchi 16 katika minara mitatu (vibanda vya chuma vinavyozunguka na mizinga yake), mkanda milimita 356, sitaha ya deraya milimita 150. Umeona nimeongeza tani na kupunguza mizinga. Na chelezo (gati kavu la kutengenezea meli) cha kuiingiza nitakitafuta kabla ya kuuza wazo, maana kile kikubwa cha Singapore, kilichofunguliwa 1938, tangu Februari 1942 kilikuwa mikononi mwa Wajapani.

Mizinga nitaipita haraka. Minara yake ndiyo inayochelewesha meli, si bamba za chuma. Ndiyo maana Vanguard, manowari ya mwisho ya Uingereza, ilivalishwa minara ya inchi 15 iliyovuliwa kwenye Courageous na Glorious miaka ya 1920, na bado ikaanza kazi 1946, vita vimekwisha. Kwa unyofu, ukiniambia 1942 una haraka, nitakuchorea Vanguard ileile. Jambo jingine la kuiga kwake ni omo (sehemu ya mbele ya meli) iliyoinuliwa. King George V ilichorwa ili mizinga ya mbele ipige moja kwa moja bila kuinuka, omo ikabaki chini, ikawa inakunywa bahari.

Nitakapokaa usiku kucha ni kwenye mitambo. Usiweke bwela zote mahali pamoja, na tabaini (mitambo inayozungushwa na mvuke) zote mahali pamoja. Pishanisha: bwela, tabaini, bwela, tabaini, ili topido (kombora la chini ya maji) moja isizime rafadha (mapanga yanayosukuma meli) zote. Na jenereta zitawanye, baadhi ziwe za dizeli, mbali na mvuke. Hili nalisema kwa uchungu. Usiku mmoja tukiwa bahari kuu jenereta yetu ilijikata, ya akiba ikagoma. Dakika kumi na moja gizani, usukani haujibu, pampu kimya, unasikia maji tu yanapiga ubavu. Sisi hatukuwa tunapigwa mabomu. Manowari ya Uingereza Prince of Wales, tarehe 10 Desemba 1941 karibu na nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia), ilipigwa topido karibu na mhimili wa rafadha. Mhimili ukaendelea kuzunguka umepinda, ukapasua njia ya maji kuelekea ndani, umeme wa sehemu kubwa ya meli ukakatika, na pampu na baadhi ya mizinga ya kutungulia ndege vikafa navyo. Deraya nene ilikuwepo. Haikuwa na la kufanya.

Kwenye mchoro wako sijaona jenereta hata moja. Ukiuleta tena, niwekee alama zilipo, nami nitakuonyesha topido ya kwanza itazima zipi.